Ahera ya Mangi

Mwaka 1947 Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alitoa kwa Kiswahili kitabu alichokiita Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walikichapa upya mwaka 2002. Kitabu hiki husifiwa kwa hazina yake ya mila, na sifa hiyo kinastahili. Lakini neno la mwisho la anwani yake lina deni ambalo wahakiki hawajalidai.

Ahera ni neno la pwani, na halitembei peke yake. Hufuatana na kiyama, mizani na sirati, Pepo na Jahanamu. Alitamkaye Unguja amekwisha kuitaja hukumu. Wafu wa Kilimanjaro, wale waitwao warimu, walipangwa kwa hesabu nyingine. Charles Dundas, katika kitabu chake cha mwaka 1924 juu ya mlima huo, aliwaeleza kwa safu. Wa karibu, ambao majina yao yangali yakitajwa, hupata mbege na nyama. Walio wa kale zaidi husukumwa nyuma na wapya, wasiifikie sadaka. Waliosahauliwa hupotelea mbali. Swali kubwa basi si mfu alitenda nini, bali ni nani angali akimtaja.

Kiswahili kilikuwa na neno la jamaa. Warimu na mizimu ni shina moja la Kibantu, na kuzimu ndiko kwao. Mbona Mangi hakulichukua? Yaelekea aliliona limekwisha kutiwa giza: kuzimu imekuwa shimo, na mizimu imefukuziwa mapangoni na mibuyuni, ikitajwa kwa kunong'ona. Kumwambia mtu kwamba babu yake yuko kuzimu ni kumtukania babu. Ahera ilikuja na kilemba chake. Mangi alinunua heshima, akailipia kwa maana.

Biashara hiyo ilikwisha kufanywa kwingine, na kwa gharama kubwa kuliko hii. China, wafuasi wa Confucius waliweka nyumbani vibao vyenye majina ya wazee wao, wakavifukizia udi na kuviandalia chakula. Confucius mwenyewe, alipoulizwa juu ya mauti, alimrudisha muulizaji kwenye maisha. Mapadri Wajesuiti waliona katika vibao vile adabu tu. Wenzao wakaona ibada. Wakagombania na jina la Mungu pia: aitwe Tian, yaani Mbingu, au Shangdi, Mtawala wa Juu, au Tianzhu, Bwana wa Mbingu? Roma ilishika Tianzhu, na mwaka 1715 Papa Clement XI akazikataza ibada za wazee kwa Wakristo. Ruhusa ilikuja mwaka 1939. Utao, uliochanganyika na Ubuddha, ulikuwa na kuzimu yenye mahakimu, makarani na madaftari. Huko neno ahera lingekaa bila kubanwa.

Mlimani, jina la Mungu lilipona. Wamisheni walilishika Ruwa, na Mchagga Mkristo akaendelea kusali kwa neno ambalo pia ni jua. Ni lile lile likigeuzwa kuwa Mungu, kwa Kiswahili, ndipo nuru hubaki nyuma ya mlango. Hasara hii mfasiri hana dawa nayo. Ile ya warimu anayo: awaache na jina lao, amwamini msomaji.

Hata hivyo anwani ya Mangi ina jambo ambalo mfasiri hodari zaidi pengine asingelipata. Neno maisha limesimama mara moja tu. Hakuandika maisha na mauti. Uhai ni mmoja, nyumba ni mbili, na kiungo cha katikati ni "na", silabi moja. Hapo Mchagga ameisemesha ahera kwa lafudhi yake.

Na kihamba kinamuunga mkono. Zamani maiti alielekezwa Kibo, na masale yalipandwa walipolala wazee. Leo afiaye Dar es Salaam husafirishwa usiku kucha apate kuzikwa migombani kwao. Mchungaji husoma habari za mbinguni, kaburi likifukiwa hatua chache kutoka mlangoni. Kila Disemba mabasi ya Moshi hujaa wanaorudi nyumbani, na watoto waliozaliwa mjini hupelekwa nyuma ya nyumba, wakatajiwa majina, kaburi kwa kaburi.