Juu ya Neno "Kusudi" katika Hukumu ya Pangoni

Mwezi wa Februari 1949 gazeti la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, lilitoa hukumu ya kesi ambayo haikuwapo kamwe. Mtungaji wake alikuwa Lon L. Fuller (1902–1978), mwalimu wa sheria katika chuo hicho, naye aliiweka kesi yake katika nchi ya kubuni iitwayo Newgarth, mwaka 4300, ili msomaji asipate kusema kwamba hii ni sheria ya fulani au mambo ya zamani. Tangu siku zile wanafunzi wengi wa sheria wameisoma, na wataalamu wengine wamejaribu kuongeza hukumu zao. Mwaka 1998 Peter Suber alitoa kitabu kizima chenye hukumu tisa mpya. Nimeona vema kuipima hapa kwa kuwa mashindano yake yote ni juu ya jinsi ya kusoma maneno yaliyoandikwa, nayo ndiyo kazi yetu ya kila siku, sisi tufundishao na kuhubiri. Tena naona lugha yetu yatoa mwanga juu ya shauri hili ambao Kiingereza cha Fuller hakikuutoa.

Habari yenyewe ni hii. Watu watano, wachunguzi wa mapango, waliingia ndani ya pango, mawe yakaporomoka yakaziba mlango. Katika kazi ya kuwafukulia, watu kumi wa kikosi cha uokozi walikufa. Siku ya 20 ikajulikana ya kuwa waliofungiwa walikuwa na simu ya upepo, yaani redio, wakaweza kusema na watu wa nje. Wakaambiwa ya kwamba itapita siku kumi kwa uchache kabla ya kutolewa, na ya kuwa bila chakula hakuna tumaini kubwa la kuishi hata siku hizo. Ndipo mmoja wao, Roger Whetmore, alipouliza kama wataishi wakila nyama ya mmoja wao. Daktari akajibu, kwa shida, ya kwamba wataishi. Whetmore akauliza kama yafaa wapige kura. Madaktari wakakataa kujibu. Akauliza kama yuko jaji au mtu wa serikali wa kumjibu, hakuonekana. Akauliza kama yuko kasisi au mhudumu wa dini, hakuonekana. Baada ya hapo simu ikanyamaza. Siku ya 23 Whetmore aliuawa na kuliwa, na wenzake wanne wakatolewa hai siku ya 32.

Neno moja la habari hii lisisahauliwe. Whetmore mwenyewe ndiye aliyetoa shauri la kutumia dadu, lakini kabla hazijatupwa alijitoa, akataka wangoje juma moja zaidi. Wenzake wakamlaumu kwa kuvunja ahadi, wakamtupia dadu kwa niaba yake. Walipomwuliza kama ana neno juu ya haki ya utupaji ule, akasema hana. Dadu zikamwangukia yeye.

Sheria ya Newgarth ni fupi: amwuaye mwenziwe kwa kusudi adhabu yake ni kifo, wala haimpi jaji nafasi ya kuchagua adhabu nyingine. Wanne wale wakahukumiwa kunyongwa, rufani ikafika mbele ya majaji watano. Jaji Mkuu Truepenny aona maneno ni wazi, asema hukumu isimame, na Mkuu wa serikali aombwe rehema. Hana zaidi ya hayo. Foster ataka waachiliwe. Tatting ashindwa kukata shauri, ajitoa katika kesi. Keen asema hukumu isimame. Handy asema waachiliwe, kwa sababu karibu watu 90 katika kila 100 wa nchi hiyo wataka wasamehewe au wapewe adhabu ya jina tu. Kura zikawa sawasawa, na kwa hiyo hukumu ya kwanza ikathibitika.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Kwa Kiingereza jambo ambalo muuaji alikuwa nalo moyoni laitwa kwa neno moja, na jambo ambalo sheria ilikuwa ikilitafuta laitwa kwa neno jingine. Kwa Kiswahili yote mawili ni kusudi. Twasema aliua kwa kusudi. Twasema pia kusudi la sheria. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, kasdi, na wanazuoni wa Kiislamu walikwisha kuziona pande zake mbili muda mrefu kabla ya Harvard. Shatibi wa Granada, aliyekufa mwaka 1388, aliyagawa makusudi katika mafungu mawili, yaani kusudi la Mtoa sheria na kusudi la mtu aliyepewa sheria aitimize. Lakini kwake Mtoa sheria ni Mmoja, naye ana mapenzi yake. Huko Newgarth mtoa sheria ni baraza la watu wengi, huyu akiwaza hivi na huyu vile, na wengine huenda walinyosha mkono bila kuwaza lolote. Basi tusemapo kusudi la sheria, twaipa karatasi moyo wa mwanadamu. Sisemi ni kosa kusema hivyo. Nasema msomaji ajue ya kuwa asema kwa mfano.

Hapo ndipo penye udhaifu wa Foster, ijapokuwa wasomaji wengi humpenda. Asema maneno ya sheria hayataji kujilinda nafsi, walakini mahakama tangu zamani zimemwachilia mtu aliyeua akijilinda, kwa kuwa kusudi la sheria ni kuwazuia watu wasiue, na mtu aliyeshikwa kooni hazuiliki. Vivyo hivyo watu wa pangoni. Tena atoa mfano wa mtumishi wa jikoni aliyeambiwa amenye supu na aengue povu la viazi: hata mtumishi mjinga kuliko wote hujua bibi yake alitaka nini. Mfano huu wafurahisha, lakini haufai hapa. Ulimi wa bibi uliteleza, na kila aliyewahi kupika aona mahali ulipoteleza. Waliosema amwuaye mwenziwe kwa kusudi na afe hawakuteleza ulimi. Walisema walilolitaka; ila hawakuwaza pango. Kusahihisha neno lililotamkwa vibaya ni jambo moja, na kujaza pengo ambalo msemaji hakulifikiri ni jambo jingine, na Foster avuka kutoka la kwanza hata la pili kama mtu avukaye kijito asione maji.

Tatting alimwona. Auliza ni kusudi lipi, maana adhabu hutolewa ili kuwatisha watu, na ili kulipiza, na ili kumrekebisha mkosaji. Jaji atachagua lipi? Akumbusha pia ya kwamba mahakama ile ile ilikwisha kumtia hatiani mtu aliyeiba mkate kwa njaa. Ikiwa njaa haimpi mtu ruhusa ya kutwaa mkate, yampaje ruhusa ya kutwaa uhai? Na juu ya hoja nyingine ya Foster, ya kuwa wale watu walikuwa nje ya sheria zote na chini ya mapatano yao tu, Tatting auliza swali ambalo halikujibiwa: kama Whetmore angalikuwa na bastola, akawapiga risasi wenzake walipomjia, je, yeye ndiye angalikuwa mwuaji? Kwa sheria ya Foster ingekuwa hivyo. Nionavyo mimi, Tatting ndiye aliyeona vema kuliko wote, na kwa hiyo kujitoa kwake kwachukiza zaidi. Mtu aliyepewa kiti cha hukumu hakupewa ili akiache kiti pindi shauri liwapo gumu.

Najua baadhi ya ndugu zetu makasisi watamwelekea Foster kwa sababu ya maneno ya Mtume Paulo juu ya andiko na roho katika waraka wa pili kwa Wakorintho, na kwa sababu Bwana wetu mwenyewe, aliposhitakiwa habari ya Sabato, alitaja jinsi Daudi alivyokula mikate iliyowekwa wakfu alipokuwa na njaa, akaonyesha Sabato ilifanyika kwa ajili ya nani. Hakika huko ndiko kufasiri sheria kwa kusudi lake, tena kwa mfano wa jambo lililotangulia, kama majaji wafanyavyo. Lakini Daudi alikula mkate, hakula mtu.

Sasa Keen. Watu humwita mkavu. Yeye atofautisha maswali matatu ambayo wengine wayachanganya: kama watu hawa wastahili rehema, kama walifanya vibaya, na kama waliua kwa kusudi. La kwanza asema si kazi ya jaji. Angalikuwa Mkuu wa serikali angaliwasamehe kabisa, maana wameteseka vya kutosha. La pili pia si kazi ya jaji. La tatu ndilo lake, na jibu lake ni ndiyo. Akumbusha ya kwamba Newgarth iliwahi kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa sababu mamlaka hazikujua mipaka yao, na ya kuwa jaji ajazaye mapengo kwa hekima yake hujipa kazi ambayo hakuna aliyempa. Haya ni maneno mazito. Lakini Keen aficha jambo moja: neno kwa kusudi si wazi kama asemavyo. Mtu aliyelazimishwa na mauti, ambaye hakutaka ila kuishi, huyo kusudi lake lilikuwa kuua au kuishi? Mwalimu wa lugha asingelijibu haraka namna ile.

Kipimo ninachopenda kukitumia kimo ndani ya habari yenyewe, nami nashangaa ya kuwa majaji wote watano walikipita. Ni ile simu ya upepo. Whetmore hakuuliza baada ya tendo, aliuliza kabla. Sheria haikuandikwa kwa ajili ya majaji peke yao, bali kwanza kwa ajili ya mtu atakaye kujua atende nini kesho. Basi tuichukue hoja ya kila jaji, tuitamke katika simu ile siku ya 20. Keen aweza kusema: Msimwue mtu, mkimwua mtahukumiwa. Ni neno gumu, lakini lasemeka. Je, Foster angaliweza kusema: Chagueni mmoja, mwueni, sheria haiwakatazi, na huyo asiyetaka ahesabiwe kuwa amekubali? Nadhani mdomo wake ungalikauka. Handy angalisema nini? Ngojeni tuwaulize wenye magazeti? Fasiri ya sheria isiyoweza kutamkwa mbele ya yule atakayekufa kwayo ina kasoro, hata ikiwa nzuri namna gani mbele ya wale waliobaki. Na Foster ajenga juu ya mapatano, hali yule aliyekufa ndiye aliyekuwa ameyakataa.

Wala simwachi kasisi. Aliitwa, hakuja kwenye simu. Fuller aligusa jambo hili kwa maneno machache tu na kupita. Mimi naona ni aibu kubwa kuliko zote katika habari hii, kwa kuwa yule hakuwa na sheria ya kumfunga kinywa.

Fuller hakuyabuni yote. Mwaka 1884 merikebu ndogo ya Mignonette ilizama katika Bahari ya Atlantiki, na mabaharia wanne wakapona katika mashua. Baada ya siku nyingi nahodha Dudley na mwenziwe Stephens walimwua kijana Richard Parker, mwenye umri wa miaka 17, aliyekuwa mgonjwa, nao wakamla pamoja na mwenzao wa tatu. Kura haikupigwa. Walipofika Uingereza walieleza yote bila kuficha, kwa sababu waliamini ya kuwa desturi ya baharini yawaruhusu. Kwa wasomaji wa kurasa hizi jambo hilo ni la kuangaliwa sana: watu wale hawakuwa nje ya sheria zote kama Foster angependa kusema, bali walikuwa chini ya desturi, nayo ndiyo iliyowajibu walipouliza. Lord Coleridge na majaji wenzake wakaikataa desturi hiyo. Waliuliza nani atapima lazima hiyo, na kwa kipimo gani mmoja achaguliwe. Tena wakaona ya kwamba aliyechaguliwa ndiye aliyekuwa mdogo na dhaifu kuliko wote. Wakatoa hukumu ya kifo, na Malkia akaipunguza kuwa kifungo cha miezi sita. Ndiyo miezi sita ile ile ambayo katika hadithi ya Fuller wazee wa baraza na jaji wa kwanza wanamwomba Mkuu wa serikali.

Kwa hiyo nusu ya mashindano ya Newgarth si juu ya kusoma sheria hata kidogo. Ni juu ya adhabu ya lazima. Mpe Keen ruhusa ya kupima adhabu, naye atasema wana hatia, atawafunga siku chache, na Foster hatakuwa na sababu ya kuyakunja maneno. Jambo hili si la kubuni kwetu Afrika ya Mashariki. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ile ya Kenya mwaka 2017, zilikata ya kuwa adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima hali ya mkosaji yapingana na katiba. Fuller angaliweka mlango huo katika pango lake, hadithi yake ingalikuwa fupi. Naamini aliufunga kwa makusudi.

Lawama yangu ya mwisho ni ya mtu aliyezoea mabaraza ya wazee. Katika baraza, shauri la mauaji huanza kwa kuuliza marehemu ni mwana wa nani, na jamaa zake wameketi wapi. Majaji watano wa Newgarth waliandika kurasa nyingi juu ya kifo cha Whetmore, wakawataja waliokufa wakichimba, na watu wa magazeti, na Mkuu wa serikali. Jamaa za Whetmore sikuwaona humo.