Sifa za Usiku Mtupu

Nyota kubwa ikifika mwisho wa maisha yake, kiini chake huporomoka kwa muda usiofika hata sekunde moja, kisha nyota nzima hulipuka. Kwa wiki chache nyota hiyo moja huweza kung'aa karibu sawa na galaksi nzima yenye mabilioni ya nyota. Mlipuko huo huitwa supanova. Mtu angedhani kitu chenye mwanga wa kiasi hicho hakina haja ya kutafutwa. Lakini mwanga huo ukishasafiri miaka milioni hamsini hadi kutufikia, kinachobaki ni kidoa hafifu pembezoni mwa ukungu hafifu. Isitoshe, katika galaksi kama yetu tukio hilo hutokea mara moja, mbili, labda tatu, katika miaka mia. Anayeing'ang'ania galaksi moja atazeeka bila kuona kitu. Dawa ni kuzichungulia nyingi, tena na tena, mwaka hadi mwaka, na hapo ndipo ufundi unapoanzia.

Bingwa wa ufundi huu alikuwa mwanaastronomia wa ridhaa, Robert Evans, mchungaji wa Kanisa la Uniting katika jimbo la New South Wales, Australia. Riziki yake ilitoka kanisani, na vitabu alivyoandika vilihusu historia ya uamsho wa kidini. Nyota alizitafuta kwa mapenzi tu, kwa darubini ambayo kioo chake kilikuwa na upana wa sentimita 25, na baadaye kwa kubwa zaidi. Alianza kuwinda supanova tangu miaka ya 1950. Ya kwanza kutambuliwa rasmi aliipata mwaka 1981. Alipofariki mwaka 2022 aliacha rekodi ya supanova 42 alizozigundua kwa jicho lake mwenyewe, bila kamera wala kompyuta.

Siri yake ilikuwa kichwani. Alikuwa amehifadhi sura za galaksi zipatazo 1,500, pamoja na nyota zilizotapakaa mbele ya kila moja. Mzee aliyekaa baraza moja miaka yote hahitaji daftari kujua kwamba huyu anayepita si wa mtaa huu. Ndivyo alivyokuwa Evans: alichungulia, akawatambua wenyeji, akaona mgeni hayupo, akaisogeza darubini kwenye galaksi nyingine. Tunapenda kumsifu mvumbuzi kwa kuona jambo jipya, tukasahau kwamba jipya halionekani ila na yule anayelijua la zamani kinagaubaga.

Jicho nalo lina adabu zake. Kwanza lipewe giza, nusu saa hivi, mpaka lizoee. Taa ikihitajika iwe nyekundu, tena ya kufifia. Kisha lisikodoe. Katikati ya jicho ndipo penye uwezo wa kusoma maandishi na kutofautisha rangi, lakini gizani hapaoni vizuri. Seli zinazohisi mwanga mdogo zimejaa pembeni. Kwa hiyo mtazamaji huelekeza jicho kando kidogo ya galaksi, na kile kidoa kilichotoweka alipokitazama moja kwa moja kikajitokeza. Akikirudia, kinapotea tena.

Hata kikijitokeza, fundi hashangilii. Huenda ni sayari ndogo ya jua letu inayokatiza mbele ya galaksi. Basi asubiri saa moja au mbili aone kama imesogea. Huenda ni nyota ya hapa kwetu ambayo mng'ao wake hupanda na kushuka. Huenda ni kumbukumbu iliyomchezea. Basi picha za zamani zifunguliwe. Baada ya hapo humwomba mwenzake aliye mbali naye aelekeze darubini palepale. Ndipo, enzi za Evans, taarifa ilipokwenda kwenye ofisi ya telegramu za astronomia huko Cambridge, Massachusetts. Uzushi ungewatoa wataalamu kazini bure, na safari ya pili nani angemsikiliza?

Haraka na uhakika vilipokutana, faida ilikuwa kubwa. Mwaka 1983 Evans alikamata supanova katika galaksi ya M83 kabla haijafikia kilele cha mng'ao wake. Wataalamu waliwahi kuifuatilia mapema, nayo ikawa miongoni mwa zilizowaonyesha aina mpya kabisa: milipuko ya nyota zilizokwisha kuvuliwa tabaka lao la nje la hidrojeni kabla ya kufa.

Lakini mimi nausifu zaidi ule usiku mwingine, ambao hakuambulia kitu. Evans aliandika alichokitazama na lini, hata pale ambapo matokeo yalikuwa hapana. Mwaka 1987 yeye na wanaastronomia wawili wa Kanada, Sidney van den Bergh na Robert McClure, walichapisha hesabu iliyotokana na kumbukumbu hizo: supanova hutokea mara ngapi katika galaksi za namna hii na ile. Hesabu hiyo haiwezekani kwa orodha ya ushindi peke yake. Ukiwa na supanova kadhaa mkononi lakini hujui galaksi ngapi zilitazamwa, kwa muda gani, huna cha kugawanyia. Na kwa kuwa milipuko hiyo ndiyo inayosambaza oksijeni na chuma angani, anayejua hutokea mara ngapi anajua pia namna galaksi zinavyorutubika.

Siku hizi mitambo hupiga picha anga zima na kompyuta hulinganisha picha kwa picha. Supanova hupatikana kwa maelfu kila mwaka. Wa ridhaa nao wameshika kamera, wala hawajaondoka uwanjani. Mwezi Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani ndiye aliyeigundua supanova ya galaksi ya M101. Mwezi Septemba 2016 Víctor Buso, fundi wa makufuli wa Rosario, Argentina, alikuwa akijaribu kamera mpya kwenye galaksi ya NGC 613, akapiga picha mlipuko ukianza kuchomoza, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilitamani. Bahati? Naam, ila bahati hiyo ingemfikia asiyelinganisha picha zake, ingelala kwenye kompyuta mpaka ifutwe.

Kinachonivuta katika ufundi huu ni uaminifu wake kwa neno "hapana". Kwa kawaida tunampa sikio aliyekuja na habari, na aliyesema hakuona kitu tunamwona kapoteza muda. Hapa wawili hao wako sawa, mradi wote wametazama kweli na kuandika. Kutamka "haipo" kwa uhakika kunadai jicho lilelile, subira ileile na kumbukumbu ileile inayodaiwa na "ipo". Aliyetazama akakosa ameiongezea elimu kipimo. Aliyekosa kwa kuwa hakutazama hakuongeza kitu.