Kenda na Tisa: Juu ya Kiswahili cha Darasa la Kwanza huko Mkula

Majarida yetu ya lugha yamezihakiki tenzi za kale, yamezipima lahaja za mwambao, na yamebishana miaka mingi juu ya neno lipi liingie katika kamusi na lipi liachwe nje. Lakini liko andiko moja la Kiswahili lisomwalo na watu wengi kuliko diwani yoyote, tena kwa sauti kubwa, kila asubuhi, toka Kigoma hata Mtwara, nalo wahakiki hulipita kama mtu apitavyo jiwe la njiani. Andiko hilo ni kitabu cha kwanza cha kusoma. Sababu ya kupitwa kwake haifichiki: wasomaji wake wana umri wa miaka sita au saba, wala hawamwandikii mhariri barua. Katika kurasa hizi nakusudia kukihakiki kitabu hicho, si toleo hili wala lile, bali namna ya uandishi iliyozoeleka katika vitabu vya aina hiyo, pamoja na masomo ya kila siku yanayokizunguka. Nami nitakitazama kutoka mahali pamoja, yaani Mkula, kwa kuwa kitabu kinachoonekana hakina dosari kikisomwa Unguja huweza kuonyesha sura nyingine kikifunguliwa mbali na bahari.

Mkula ni kata ya wilaya ya Busega, karibu na Lamadi, upande wa barabara iendayo Bariadi. Mkoa wake wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya pamba, mahindi na ng'ombe, na Ziwa Nyanza haliko mbali. Mtoto wa huko mara nyingi huja shuleni akiwa na lugha moja iliyo kamili kinywani mwake, nayo ni Kisukuma. Kiswahili amekisikia gulioni, redioni, na kwa wageni. Amekisikia, nasema, kama mtu asikiavyo ngoma ya kijiji cha pili.

Siku yake ya masomo yajulikana na kila aliyepita katika shule zetu. Mwalimu huingia, watoto husimama na kumwamkia, kisha huketi. Ubaoni huandikwa ba, be, bi, bo, bu. Mwalimu hugusa kila silabi kwa fimbo, na darasa zima huitikia kwa pamoja. Baadaye vifuniko vya soda na vijiti hutolewa kwa kuhesabia, nyimbo huimbwa, herufi huandikwa kwanza hewani kwa kidole na kisha daftarini kwa penseli. Tangu muhtasari wa mwaka 2015, kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile K tatu, ndizo zilizofanywa kiini cha darasa la kwanza na la pili, na masomo mengine yakapunguzwa ili hizo zipate nafasi. Uamuzi huo ulikuwa mzuri. Hata njia ya silabi, ambayo wengine hupenda kuicheka, mimi naitetea. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na hivyo ndivyo zilivyo silabi za Kisukuma pia; basi mtoto wa Mkula akiambiwa ba, be, bi, hapewi kitu kigeni. Sikio lake lilikwisha kuigawa lugha hivyo kabla hajaiona chaki.

Lakini hapa ndipo linapotokea jambo ambalo wataalamu wa tahajia hawakulitarajia. Tahajia yetu ni aminifu mno. Herufi husema kile kinywa kitakiwacho kusema, na ajuaye silabi zake aweza kuusoma ukurasa wowote toka juu hata chini bila kukwama. Mtoto wa Kiingereza akutanaye na neno asilolijua, herufi zenyewe humsimamisha, na mwalimu hutambua. Mtoto wa Mkula hasimamishwi na kitu. Husoma sentensi nzima kwa sauti iliyonyoka, mwalimu humsifu, mkaguzi akiwapo huandika neno zuri, na pengine hapana hata mmoja aliyemwuliza kama ajua aliyemo katika sentensi ile ni mtu au mnyama. Sifa kubwa ya maandishi yetu imekuwa pazia. Ukitaka kujua kama mtoto amesoma, usimsikilize akisoma. Mwambie akusimulie, tena kwa lugha yoyote aitakayo.

Wako wasemao kwamba dawa ni kubadili picha. Toeni meli, wanasema, tieni ng'ombe. Toeni mnazi, tieni mbuyu. Rai hii imerudiwa mara nyingi hata imekuwa kama methali, nami naona haikufika penyewe. Hebu tuitazame picha ya kuku, ambayo haikosekani katika vitabu vya namna hii, na chini yake herufi k iliyoandikwa kwa wino mnene. Kuku anajulikana Mkula kuliko ajulikanavyo na mchoraji. Mtoto amewafungulia kuku asubuhi hiyo hiyo. Ila jina lake nyumbani ni ngoko, na neno ngoko halianzi kwa k. Basi mtoto hutazama picha, hulitaja jina ndani ya moyo wake, husikiliza mwanzo wa neno, na asikiacho ni ng. Kitabu chamwambia k. Mtoto mwenye akili, naye ndiye ninayemhofia zaidi, atakata shauri kwamba kati ya picha na herufi hapana uhusiano wowote, ila ni amri tu, na toka siku hiyo ataacha kusikiliza na kuanza kukariri. Nyumba kwao ni numba, mbuzi ni mbuli, mvua ni mbula, maji ni minzi. Vitu vyote hivi anavyo. Kasoro haiko katika kitu, iko katika jina, na mchoraji hata angechora Mkula nzima asingeiondoa.

Haya ya majina yanatupeleka kwenye mpangilio wa sauti. Desturi ya vitabu vyetu ni kuanza kwa irabu, kufuatisha konsonanti zihesabiwazo kuwa nyepesi, na kuziweka mwishoni zile zihesabiwazo kuwa nzito: ny, ng', mb, nd, na jamaa zao. Nzito kwa nani? Katika Kisukuma sauti ya ng' ni ya kila pumzi. Mtoto ni ng'wana, mbuyu ni ng'wandu, na ng'ombe ni ng'ombe yule yule wa Kiswahili. Tena lugha hiyo inazo sauti za puani zitamkwazo kwa kupumua, kama ile ya munhu, mtu, ambazo mwenyeji wa mwambao angejaribu siku nzima bila kuzipata vizuri. Mtoto huyu, aliye fundi wa sauti za puani, huwekwa miezi mingi akingoja ng', kwa kuwa mwandishi wa kitabu aliiona alama ile ya juu akadhani ugumu wa kalamu ni ugumu wa ulimi. Kwa upande mwingine r huletwa mapema kana kwamba haina shida. Kisukuma hakitofautishi r na l, nayo l ndiyo itumikayo. Kura na kula, mbari na mbali, kwa sikio la mtoto ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili bila sababu. Akiandika kwa l neno lenye r, hakukosa kusikia. Ameandika hasa kile alichosikia, na ndicho tulichomfundisha kufanya kwa njia ya silabi. Alama nyekundu anayopewa hapo humwadhibu kwa utii wake. Sisemi r isifundishwe. Nasema ifundishwe kama sauti mpya, kwa jozi za maneno na kwa kusikiliza, wala isihesabiwe pamoja na makosa ya uzembe.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu hapo ndipo hasara ilipo kubwa na ndipo ilipo rahisi kurekebishwa. Mtoto wa Kisukuma huhesabu ibili, idatu, inne, itano. Hata asiyejua Kisukuma ataitambua mbili, tatu, nne na tano. Ile d ya idatu wasomaji wa jarida hili wanaijua: ni kanuni aliyoiandika Meinhof mwaka 1903 na kuipa jina la Dahl, mmisheni wa Kimoravia aliyekaa Unyamwezi; konsonanti isiyo na mghuno hupata mghuno ikiwa silabi ifuatayo nayo ina konsonanti isiyo na mghuno. Mpaka tano, basi, mtoto na mwalimu wanatembea njia moja. Wakifika sita njia hukatika. Mwalimu asema sita, saba, tisa, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu. Mtoto nyumbani husema itandatu, mpungati, kenda. Katikati yake nane hukutana tena na munane, na mwisho kumi na ikumi.

Lakini tazameni maneno hayo matatu ya mtoto. Kenda limo katika kamusi zetu za Kiswahili kwa maana ya tisa, na wazee na washairi walilitumia bila kuomba ruhusa. Fungate twalitaja kila panapo harusi, nasi twajua kwamba ni zile siku saba, ingawa wachache hukumbuka kuwa neno lenyewe ndilo saba ya zamani. Tandatu nalo si geni kwa ajuaye maneno ya kale na lahaja za kaskazini. Maana yake ni nini? Ni kwamba mtoto wa Mkula huingia darasani akiwa na hesabu ambayo Kiswahili chenyewe kilikuwa nayo, kikaiweka kabatini. Yeye huambiwa hajui kuhesabu. Kwa hakika amekuja na nakala ya zamani.

Liko na zaidi ya hilo, nalo si la historia bali la akili. Makumi ya Kisukuma hujieleza yenyewe: ishirini ni makumi abili, thelathini ni makumi adatu. Atajaye neno amekwisha kutaja na maana, kwamba hapa pana kumi mara mbili, pale kumi mara tatu. Neno ishirini halimwelezi mtoto lolote, wala arubaini, wala hamsini. Yampasa ayashike mmoja mmoja kama majina ya watu asiowajua. Mwalimu anapohangaika kwa vifungu vya vijiti kumi kumi, akitaka watoto waone kwamba 20 ni makumi mawili, anahangaika kulijenga upya jambo ambalo lugha ya watoto hao hulisema kila siku. Angeuliza tu wanavyohesabu ng'ombe nyumbani, somo la siku tatu lingekuwa la asubuhi moja. Na ukiwa mwalimu ametoka mbali, wala hajui neno la Kisukuma, watoto wenyewe watamjibu. Darasa lenye watoto wengi halikosi mkalimani.

Najua nitakaloambiwa. Nitaambiwa kwamba toka mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, kwamba umoja wa nchi hii umeegemea hapo, na kwamba mlango ukifunguliwa kwa Kisukuma utagongwa na lugha nyingine zaidi ya mia. Hoja hii ina uzito, na mtu aliyeona yaliyozipata nchi nyingine hawezi kuifanyia mzaha. Wala mimi siombi vitabu vya Kisukuma. Nauliza jambo dogo: Je, kitabu cha Kiswahili kisichojua kwamba msomaji wake ana lugha ni kitabu cha Kiswahili kizuri zaidi? Watungaji wengi huandika kana kwamba mtoto ni ubao mtupu. Anayejua kusema banhu babili, watu wawili, amekwisha kuijua sarufi ya upatanisho wa majina, ambayo mgeni kutoka Ulaya huihangaikia miaka. Lililobaki ni kumwonyesha kwamba ba ya kwao hapa ni wa. Wakati mwingine nadhani tungekuwa na adabu zaidi kama angekuwa mgeni kutoka Ulaya, kwa maana kwa wageni tumeandika vitabu vingi vya sarufi vyenye kulinganisha lugha na lugha.

Mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuuhusisha mkoa wa Simiyu, uliligusa jambo hili kwa upande mmoja. Uliweka masomo ya utayari ya majuma machache kwa watoto wasiopata elimu ya awali, wakasomewa hadithi na kucheza kwa Kiswahili kabla ya kupewa kazi ya darasa la kwanza. Masikio kwanza, macho baadaye: mpangilio huo ni sahihi, na ni ule ule wa bibi asimuliaye hadithi jikoni. Ila jambo lililowekwa katika majuma ya utangulizi husahauliwa kwa urahisi mlango wa darasa ukifunguliwa, kama kitabu kilicho mezani hakilikumbuki.

Kwa hiyo shauri langu lahusu kitabu, hasa kile cha mwalimu. Kiongezwe ukurasa wenye safu mbili, moja imepigwa chapa na ya pili ni tupu. Katika ya kwanza yawepo maneno hamsini hivi ya vitu vilivyochorwa, na namba toka moja hata kumi, kisha makumi. Ya pili ijazwe na mwalimu mwenyewe katika juma la kwanza, kwa kuwauliza watoto. Mkula ataandika ngoko, mahali pengine ataandika lingine, na chapa itabaki moja kwa nchi nzima. Kuku atoke katika herufi k popote anapoitwa kwa sauti nyingine, aje mahali pake kakaa au kiti kama maneno hayo yanafaa zaidi. Sauti ya ng' ipandishwe juu katika Usukuma. Na penye namba 9, mkabala wa tisa, mchapaji aweza kutia kenda kwa herufi ndogo, kwa kuwa ni Kiswahili.