Steve, pauni sita, na swali ambalo hotuba inalipita

Kama umewahi kusikia habari za Stephanie Shirley, bila shaka ulianzia kwenye jina. Mwaka 1962, huko Uingereza, mwanamke anaanzisha kampuni ya kuandika programu za kompyuta kwa mtaji wa pauni sita. Anatuma barua kuomba kazi, anasaini Stephanie, hajibiwi. Mume wake anamshauri asaini "Steve". Majibu yanaanza kuja, na mteja anapogundua kuwa Steve ni mwanamke, wameshapeana mikono.

Hadithi tamu. Mimi mwenyewe nimeisimulia zaidi ya mara moja na kila mara watu wanacheka. Lakini juzi nilirudi kuitazama hotuba yake ya TED ya mwaka 2015, aliyoitoa akiwa na miaka 81, nikabaki na swali ambalo sikuwahi kujiuliza. Sawa, barua zilijibiwa. Sasa kazi yenyewe ilifanyikaje?

Maana hebu fikiria. Wafanyakazi 300 wa kwanza, wanaume walikuwa watatu tu. Wengi walikuwa akina mama wenye watoto wadogo, kila mmoja nyumbani kwake. Intaneti hakuna. Kompyuta nyumbani hakuna. Mashine ya enzi hizo ilijaza chumba. Wana simu ya mezani, penseli na posta, basi. Na bado ni wanawake hao walioandika programu za kisanduku cheusi cha Concorde, ile ndege ya abiria iliyokuwa ikipita kasi ya sauti.

Shirley anasema siri ilikuwa kuwaamini wafanyakazi, pamoja na simu. Hapo sikubaliani naye. Au tuseme anajipunja.

Tazama hatua anazozieleza mwenyewe. Kwanza unachora mchoro wa hatua za kazi, kipi kinaanza, kipi kinafuata, na wapi njia inagawanyika. Halafu unaandika maagizo kwa mkono, mara nyingi kwa lugha ya mashine yenyewe. Karatasi zinaenda kwa posta kwenye kituo ambako zinatobolewa kuwa kadi au utepe, kisha zinatobolewa mara ya pili ili kulinganisha kama aliyetoboa hakukosea. Hayo yote kabla kompyuta haijaguswa.

Sisi leo tukikosea tunabonyeza kitufe, programu inagoma, tunarekebisha, tunabonyeza tena. Mara ishirini kwa saa, na hakuna anayetudai. Kwa aliyetuma kazi kwa posta hilo haliwezekani. Inabidi ajifanye yeye ndiye kompyuta. Jaribu na programu ndogo ya kujumlisha namba kumi. Chora safu mbili kwenye karatasi, moja ya kuhesabu mizunguko, nyingine ya jumla. Pita mstari kwa mstari ukiandika kila thamani inapobadilika. Ukifika mwisho ukakuta umejumlisha namba tisa, umelikamata kosa kwa gharama ya penseli. Ukiliacha likatobolewa, utalilipia kwa kusubiri posta na kwa muda wa mashine, ambao haukuwa rahisi. Mimi nimejaribu kwa programu yangu ya mistari arobaini. Nilikata tamaa kwenye mstari wa kumi na saba.

Kuna sentensi kwenye hotuba inayopita haraka mno. Anasema moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kutunga viwango vya kusimamia uandishi wa programu, kwamba wao wenyewe walivitumia, na kwamba mwishowe vilichukuliwa na NATO. NATO! Kumbe hapo ndipo penye jibu. Ukiwa na watu waliotawanyika, utaweza kuwaamini ikiwa kila mmoja anaandika kwa namna ambayo mwenzake anaweza kuisoma, kuikagua na kuiendeleza mtoto wa wa kwanza akiugua. Huo ni uhandisi. Lakini hauchekeshi kama Steve, kwa hiyo unapewa nusu dakika.

Lalamiko langu la pili si la hotuba peke yake, ni la karibu kila anayeisimulia. Utasikia "akina mama wa nyumbani waliopewa nafasi", kana kwamba ilikuwa sadaka. Ipo picha maarufu ya mwaka 1966 ya Ann Moffatt, aliyeongoza kiufundi kazi ile ya Concorde, akiandika kwenye meza ya jikoni na mtoto wake yuko pembeni. Watu wanamtazama mtoto. Shirley mwenyewe alianza kazi akiwa na miaka 18 kwenye kituo cha utafiti cha posta ya Uingereza, Dollis Hill, na alisoma hisabati jioni kwa miaka sita mpaka akapata shahada. Mwanahistoria Mar Hicks, katika kitabu chake Programmed Inequality cha mwaka 2017, anaonyesha jinsi Uingereza ilivyowasukuma pembeni wanawake waliokuwa tayari wanaendesha kompyuta, kadiri kazi hiyo ilivyopanda hadhi. Shirley aliokota ujuzi uliotupwa na wengine. Ilikuwa vita ya haki, ndiyo, lakini pia ilikuwa biashara yenye akili sana.

Tena aliuza kitu ambacho wengi hawakuamini kinauzika. Enzi hizo programu ilitolewa bure pamoja na mashine; IBM walitangaza kuzitenganisha bei mwaka 1969.

Ya mwisho ni malipo. Kampuni iliitwa Freelance Programmers, na wewe unayefanya vibarua vya mtandaoni unajua jina hilo lina maana gani mwezi ambao kazi hakuna. Upande huo hotuba haiugusi. Inakimbilia kwenye mwisho mzuri, kwamba aliwapa wafanyakazi robo ya kampuni bila wao kulipa, na 70 kati yao wakawa mamilionea. Ni kweli na ni jambo kubwa. Ila ningependa kumsikia mmoja wa wale wasiokuwemo kwenye 70.

Pamoja na yote, itazame. Haifiki robo saa. Sehemu ya mwanawe Giles, aliyekuwa na usonji mkali na akafariki akiwa na miaka 35, anaisema bila mzaha hata mmoja, na ndiyo niliyoirudia mara nyingi zaidi. Kumbukumbu zake za mwaka 2012, Let It Go, zinaingia ndani zaidi hapo. Shirley alifariki Agosti 2025. Ukifika kwenye ile sentensi ya NATO, simamisha, chukua karatasi, ujaribu zile namba kumi.