Mafundi wa Udongo wa Engaruka

Anayekwenda Engaruka akitarajia maghofu ya mji, nusu saa ya kwanza ataona mawe tu. Hakuna kuba kama za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, hakuna mlango wa kuchongwa, hakuna hata ukuta mrefu wa kupigia picha. Kuna mistari ya mawe meusi, mingine inafika kwenye kifundo cha mguu, mingine magotini, inayopita katikati ya migunga na kupotelea vumbini. Mbuzi wanaikanyaga bila habari. Ndipo jicho linaanza kuzoea. Mstari huu unakutana na ule kwa pembe, ule unapinda kufuata mteremko, na katikati yake kuna kipande cha ardhi kilicho sawa kuliko inavyotarajiwa chini ya mlima kama huu. Ukishakiona kipande kimoja, unaona cha pili, halafu bonde zima linajipanga mbele yako.

Mahali penyewe ni wilaya ya Monduli, mkoani Arusha, chini kabisa ya ukuta wa magharibi wa Bonde la Ufa, kwenye njia inayotoka Mto wa Mbu kwenda Ol Doinyo Lengai na Ziwa Natron. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, wakulima waliishi hapa na kumwagilia mashamba yenye ukubwa wa takriban hekta 2,000. Vijiji vyao saba vilikaa kwenye mteremko, juu ya mashamba, ili ardhi ya kulima isipotee bure kwa kujengewa nyumba. Walilima mtama; punje zake zilizoungua zimepatikana katika uchimbaji. Yote haya yalifanyika bila plau, bila saruji, bila mnyama wa kuvuta mzigo.

Hali ya nchi ilikuwa ngumu tangu mwanzo. Mvua ya bondeni ni kama milimita 400 kwa mwaka, na haina ratiba. Mtama unavumilia ukame, lakini kuvumilia kuna mwisho. Juu, kwenye nyanda za kreta upande wa Ngorongoro, mawingu hunyesha vizuri zaidi, na maji yake hushuka kwa makorongo. Mto Engaruka hutiririka mwaka mzima. Vijito vingine huja na mvua na kuondoka nayo. Yakishafika tambarare, maji huzama mchangani. Kwa hiyo mkulima alibaki na ukanda mwembamba tu, pale maji yanapotoka korongoni kabla hayajapotea, na ukanda huo ndio hasa ambao mafuriko ya miaka mingi yaliujaza mawe. Maji yalikuwepo palipokuwa na mawe, na udongo mzuri ulikuwa haba.

Walianza na banio. Maji yalichepushwa mtoni, karibu na mdomo wa korongo, yakaingizwa kwenye mfereji uliokumbatia ubavu wa mlima. Mto unashuka kwa kasi, mfereji unashuka polepole, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayompa mkulima ardhi: kila hatua mfereji unapoachana na mto, shamba linalobaki chini yake linaongezeka. Ukiuinamisha mno, maji yanakimbia na kula kingo. Ukiulaza mno, yanalala na kuujaza matope. Hapakuwa na pima maji ya fundi wa leo. Kipimo kilikuwa maji yenyewe, na mchimbaji alilazimika kuyasikiliza hatua kwa hatua. Sehemu za mifereji hiyo bado zinafuatika kwa macho, kingo zake zikiwa zimepangwa mawe, na mtu akitembea kandokando yake anahisi mteremko kwa magoti yake kabla ya kuuona.

Lakini mifereji, pamoja na uzuri wake, si ndiyo iliyonishangaza zaidi. Daryl Stump, mwanaakiolojia aliyechimba hapa miaka ya 2000, na Carol Lang, mtaalamu wa kusoma udongo wa mahali palipokaliwa na watu, walichunguza kilichomo ndani ya mashamba yenyewe, chini ya ule uso tulivu. Walichokuta ni kwamba katika sehemu kubwa udongo wa shamba haukuwa wa hapo. Uliletwa. Na aliyeuleta hakuwa mtu mwenye kikapu kichwani, bali maji.

Kazi ilikwenda hivi. Maji ya mafuriko hushuka mlimani yakiwa yamebeba mchanga na tope laini. Maadamu yanakimbia, hubeba; yakipunguzwa mwendo, huangusha mzigo, mchanga mzito kwanza, tope jepesi baadaye. Wakulima wakapanga mstari wa mawe kukatiza njia ya maji, usio mrefu, kiasi cha kuyachelewesha. Nyuma ya mstari huo tope likatua. Likishajaa hadi ukingoni, waliongeza kozi nyingine ya mawe juu ya ile ya kwanza, wakangoja mafuriko mengine. Kisha nyingine tena. Mahali pengine udongo uliokusanywa kwa namna hii una kina cha zaidi ya mita moja, na ukikatwa wima unaonyesha matabaka yake, jembamba juu ya jembamba, na mawe ya ukuta yakipanda sambamba nao. Jiwe la kozi ya juu limekalia tope lililotua baada ya kozi ya chini kupangwa. Hapo huhitaji maandishi ya mtu kujua kilichotangulia na kilichofuata.

Fikiria subira ya kazi hiyo. Anayejenga nyumba anaona nyumba mwaka huohuo. Anayepanga kozi ya kwanza ya mtego wa tope anajua kwamba kina cha kutosha kulima vizuri huenda wakakipata wanawe, na kwamba msimu mmoja wa mafuriko makali unaweza kubomoa kazi ya misimu mingi. Wakaifanya hata hivyo, kipande baada ya kipande, kilomita baada ya kilomita chini ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Inafaa kuchuchumaa mbele ya ukingo mmoja na kuutazama kwa dakika kadhaa. Nakushauri uchague ule wa jukwaa la nyumba kwenye mojawapo ya vijiji vya mlimani, kwa sababu huko mawe yamepangwa kwa uangalifu zaidi. Utaona kwamba upande bapa wa jiwe umetazama nje. Urefu wake umeingizwa ndani ya udongo, haukulazwa kufuata ukuta, na fundi mwashi yeyote atakwambia kwa nini: jiwe lililolazwa kwa urefu huonekana kubwa lakini husukumwa nje upesi. Jiwe la juu limekalia maungio ya mawili ya chini. Palipobaki upenyo, kimepachikwa kijiwe kidogo, na ukikigusa kwa kidole hakitikisiki. Mawe hayakuchongwa. Fundi aliokota, akageuza, akajaribu, akaweka chini, akaokota jingine. Ustadi wote uko kwenye kuchagua.

Na kwa kuwa hakuna chokaa wala tope la kugandisha, maji hupita katikati ya mawe. Watu wengi huona ukuta wa namna hii kama ukuta wa maskini wa vifaa. Kwa kazi iliyokusudiwa, huu ndio ukuta bora. Ukuta wa saruji ungezuia maji pamoja na udongo, uzito ungejaa nyuma yake, na siku moja ungepasuka. Ukuta mkavu hubakiza udongo na kuyaachia maji yaende shamba la chini, yakafanye kazi tena. Ukilegea mahali, mtu mmoja anaweza kuurekebisha asubuhi kwa mawe yaleyale.

Njiani kuja Engaruka, msafiri hupita Mto wa Mbu, ambako mpunga hulimwa kwenye majaruba. Asimame kidogo pale. Atazame mkulima anavyofungua tuta kwa jembe, maji yanavyoingia kona moja na kuenea taratibu, anavyofunga na kuhamia jaruba la pili. Lang na Stump wanaeleza kwamba baadhi ya mashamba ya Engaruka ya kale yalijazwa maji kwa namna inayofanana na hiyo. Baada ya kuona kazi ikifanyika kwenye maji na matope, ile mistari mikavu ya mawe huanza kusomeka.

Ng'ombe nao walikuwa na sehemu yao. Mabaki yao, pamoja na ya mbuzi na kondoo, yamepatikana, na John Sutton, mwanahistoria na mwanaakiolojia aliyeandika sana juu ya Engaruka, alidhani kwamba mifugo ilifungiwa na kulishwa zizini ili samadi yake irudi shambani. Naikubali hoja hiyo. Ardhi inayolimwa bila kupumzishwa inadai kulishwa, na watu walioweza kutega tope hawakushindwa kuona thamani ya samadi.

Wageni wa mwanzo hawakuyaona haya. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883 na kuyataja mawe. Louis Leakey alifika mwaka 1935, akahesabu majukwaa ya nyumba, akafikiria mji wenye watu zaidi ya elfu 30. Watafiti waliomfuata wameipunguza sana idadi hiyo, hadi maelfu machache. Kwangu mimi punguzo hilo linaongeza heshima ya mahali. Kama mikono ilikuwa michache hivyo, basi kila mkono ulipanga mawe mengi zaidi.

Watu waliondoka, na sababu inayotajwa mara nyingi ni maji kupungua: vijito vilivyokuwa vikilisha mashamba ya pembeni sasa ni vya msimu, na mto mmoja hautoshi kubeba mfumo mzima. Ufundi wenyewe haukwisha duniani. Kaskazini mwa hapo, Wasonjo bado wanamwagilia, na kwa desturi yao zamu za maji husimamiwa na wazee wanaoitwa wenamiji. Ng'ambo ya mpaka, Wamarakwet wa Kenya wamedumisha mifereji inayoshuka kwenye ukuta wa Bonde la Kerio kwa vizazi vingi. Wako wanaowahusisha watu wa Engaruka na Wasonjo, wengine na Wairaqw. Mjadala huo una nafasi yake, ila jicho langu hurudi daima kwenye kazi ya mikono.

Anayetaka kwenda atenge siku nzima na atoke mapema. Barabara kutoka Mto wa Mbu ni ya vumbi, inapita Selela, na jua la bondeni halina huruma kuanzia saa nne. Beba maji mengi na kofia, vaa viatu vinavyofunga kifundo, kwa maana mawe huteleza na miiba ya migunga hupenya kandambili. Ripoti kijijini Engaruka Juu na uchukue mwongoza wageni wa hapo. Bila yeye utapita juu ya mfereji usijue. Anza na vijiji vya mlimani wakati bado kuna baridi kidogo. Ukiwa juu, geuka utazame chini kabla ya kushuka, maana kutoka juu mistari inaonyesha mpango wake kwa namna ambayo huwezi kuipata ukiwa katikati yake.

Ni rahisi kuishia hapo, kupiga picha na kurudi garini. Usiishie. Mwombe mwongozaji akupeleke mashambani, hasa mahali ambapo mvua imechimba korongo dogo na kukata ukingo wa shamba la kale. Usiokote jiwe, hata dogo, kwa sababu mahali lilipo ndipo ushahidi wake ulipo. Mashamba ya leo ya mahindi na maharage yanapanuka, watu wanahitaji kula, na mstari ukishang'olewa ili trekta ipite haurudishiki. Ndiyo maana natamani waende wengi zaidi, na hasa wakulima, vijana wa vyuo vya kilimo na mafundi ujenzi, watu ambao wakiona kozi ya tatu imekalia tope la mafuriko ya pili wataelewa mara moja walichokuwa wakikifanya wenzao, na watakuwa na maswali mazuri kuliko yangu.