Masinia chini ya maji

Mzee mmoja wa kijiji cha Wusi alipopunguza maji ya bwawa lake ili avue, mashimo ya mviringo yalijitokeza chini kwenye tope, moja ubavuni mwa jingine, mapana kama masinia ya pilau. Nikadhani watoto walikuwa wakicheza humo. Mzee akacheka: “Hiyo ni kazi ya mdomo, mwanangu.”

Msimu uliofuata nilikaa ukingoni asubuhi, maji yametulia, nikamwangalia fundi mwenyewe. Perege dume huinamisha kichwa, mkia juu, akajaza kinywa udongo, akaogelea hadi kwenye ukingo wa shimo, akautema. Anarudi. Jani likidondokea ndani, hulitoa. Utachoka wewe kabla yake.

Na humo hamlali mtu. Jike akija hutaga, akayachota mayai kinywani papo hapo, akapokea na mbegu za dume, akaenda zake kulea peke yake. Sinia zima limechimbwa kwa ajili ya miadi ya muda mfupi tu.

Madume hawa hawapendani: hutunishiana mapezi mpakani, hukamatana midomo na kusukumana. Hata hivyo hujenga mtaa mmoja, kama wauza nyanya wanaogombania wateja huku wamepanga meza bega kwa bega. Perege wa Msumbiji wana ujanja zaidi. Dume mbabe hubana mkojo wake akaumwaga mbele ya mshindani, ajulikane ni nani. Na mnyonge hujifanya jike apenye kiotani mwa mwenzake. Huyo simsifu, ingawa namwelewa.

Kilichonishangaza zaidi nilikijua mwisho. Mzee hufuga madume matupu, maana wakichanganywa na majike huzaana mno, wakajaa na kudumaa. Bwawani hamkuwa na jike, na bado walichimba, wakafagia, wakapigania mipaka.

Perege hao wa mabwawani ni wa Nile, wageni kwetu. Ziwa Chala lina perege wake, Oreochromis hunteri, asiyepatikana kiasili penginepo duniani. Ziwa Jipe nalo limempa jina Oreochromis jipe. Wote wawili wamo hatarini kabisa kutoweka, na perege wa aina tofauti wakikutana huchanganya damu. Mwenye bwawa, samaki wakikuzidi, gawia majirani. Usiwamwage Jipe wala Chala.