Wachimba Shaba Wasio na Tarumbeta

Ndugu msomaji, kuna kitabu kinachotuhusu sana sisi vijana tunaotaka kuandika, ila wachache wetu tumekishika mkononi. Kinaitwa Dance and Society in Eastern Africa, na mwandishi wake ni Terence Ranger, mwanahistoria aliyefundisha Dar es Salaam miaka ya 1960. Kilitoka mwaka 1975. Kitabu kizima kinafuata ngoma moja tu, beni, kuanzia pwani ya Kenya mpaka kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Mimi nimekisoma kwa nakala ya fotokopi, kamusi ikiwa pembeni. Mimi si mwanahistoria, elimu yangu ni ya kidato cha nne. Nilikitafuta kwa sababu ninaandika riwaya kuhusu wachimbaji wa bati wa Kyerwa, na nilitaka kujua mchimbaji wa zamani alikuwa mtu wa namna gani akishatoka shimoni. Kwa hiyo nakihakiki kwa jicho la mwandishi wa hadithi, wala sidai zaidi ya hapo.

Tuanze na beni yenyewe. Neno limetokana na Kiingereza, “bendi”. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa Mombasa na Lamu waliziona na kuzisikia bendi za matarumbeta za wanamaji, za askari na za misheni. Wakazichukua, wakazifanya zao. Vikundi vikashindana mtaa kwa mtaa: nani ana sare safi zaidi, nani ana nyimbo za kuuma zaidi, nani anaandaa karamu kubwa kuliko mwenzake. Huku Tanganyika yakatokea makundi mawili yenye majina makubwa, Marini na Arinoti. Marini walijiona mabwana, watu wa kalamu na mishahara, na Arinoti walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono. Kila kundi lilikuwa na vyeo, mfalme wake, majenerali wake. Lakini hawakuishia kwenye gwaride. Mwanachama akiugua walimtazama, akifa ugenini walimzika.

Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoitawanya. Askari na wapagazi wa pande zote mbili waliibeba pamoja na mizigo yao, na Kiswahili kikasafiri nayo. Vita ilipokwisha watu hao walitawanyika kutafuta kazi, na ndipo beni ilipofika machimboni, ikaitwa mbeni.

Hapo ndipo Ranger anapong’aa. Maofisa wa kikoloni waliiona beni ama kichekesho cha watu weusi wanaomwigiza mzungu, ama njama ya siri ya kuipindua serikali. Ranger anakataa yote mawili. Anaonyesha watu waliokuwa wageni mjini, hawana ndugu wala shamba, wakijitengenezea undugu mpya kwa kutumia kile walichokiona kina nguvu: sare, mstari, amri na mlio. Ukiifikiria hivyo, unaacha kucheka unapomwona kuli aliyejiita jenerali, maana kwenye kambi ambako mzungu alimwita “boi”, jioni moja tu kwa juma kulikuwa na watu mia moja waliompigia saluti.

Mwaka 1935 jambo hilo likawa zito. Mwezi Mei kodi ilipandishwa, wachimbaji wakagoma kwanza Mufulira, halafu Nkana, halafu Luanshya. Pale Luanshya polisi walifyatua risasi na watu sita wakafa. Serikali ikaunda tume, na tume hiyo ikawa inauliza habari za ngoma! Mbeni ni nini? Viongozi wake ni akina nani? Mbona ina vyeo vya kijeshi? Hebu fikiri, mwenzangu: watu wamekufa kwa ajili ya kodi, na wakubwa wamekaa mezani wanadadisi ngoma ya Jumapili. Riwaya nzima iko hapo.

Sasa lawama yangu. Shuleni tulifundishwa kuhakiki kwa fani na maudhui. Kwa maudhui Ranger ni tajiri, lakini kwa fani ni maskini. Anauliza beni ilimaanisha nini katika siasa, ilikuwa ya tabaka gani, iliipinga serikali au haikuipinga. Ni maswali mazuri. Lakini nimefunga kurasa nyingi nikiwa bado sijasikia mlio. Sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka kwenye majalada ya maofisa, na ofisa wa kikoloni aliitazama ngoma kutoka barazani kwake, tena kwa wasiwasi. Aliandika idadi ya watu na majina ya viongozi. Hakuandika ngoma ilianza polepole au kwa kishindo, wala nani alikuwa anakosea hatua.

Ukitaka kuona tofauti, soma The Kalela Dance cha J. Clyde Mitchell, kijitabu cha mwaka 1956. Mitchell aliitazama kalela, ngoma iliyozaliwa na mbeni, kule Luanshya mwaka 1951. Anakuambia kwamba ngoma zilitengenezwa kwa mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi za ng’ombe. Anakuambia vijana walivaa suruali zilizopigwa pasi na viatu vilivyong’aa. Alikuwapo “mfalme”, alikuwapo “daktari” mwenye joho jeupe, na alikuwapo “sista”, mwanamke pekee, akipita kwenye mstari na kioo na leso ili wachezaji wajitazame na kujifuta jasho. Ukurasa kama huo unamtosha mwandishi wa riwaya mwaka mzima.

Na mapipa hayo ndiyo yaliyonifikirisha kuliko yote. Tarumbeta hutengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki. Watu wa Mufulira na Luanshya walikuwa wanachimba shaba usiku na mchana, shaba iliyokwenda kufanya nyaya na mitambo na ala za muziki za dunia nzima. Wao wenyewe, Jumapili ilipofika, walicheza ngoma yenye asili ya matarumbeta kwa kupiga mapipa matupu. Kando ya Ziwa Nyasa, ambako ngoma za uzao huohuo zinaitwa malipenga na mganda, watu walitoboa vibuyu, wakaziba tundu kwa utando wa buibui, na kibuyu kikalia kama tarumbeta. Ranger anavitaja vibuyu hivyo. Mimi ningesimama hapo kurasa ishirini.

Linganisha na Uingereza. Katika kijiji cha Grimethorpe, Yorkshire, wachimbaji wa makaa ya mawe walianzisha bendi yao mwaka 1917, bendi ya matarumbeta ya kweli. Oktoba 1992 serikali ilitangaza kufunga migodi mingi, wa kwao ukiwamo, na siku chache baadaye bendi hiyo ikashinda mashindano ya taifa jijini London. Mgodi ulifungwa mwaka 1993. Bendi haikufa, na mwaka 1996 ilitoka filamu iliyochota katika mkasa huo, Brassed Off. Mgodi umekufa, mlio umebaki, na dunia imeuona. Mbeni ya machimboni ilikuwa na uchungu uleule, tena na damu juu yake, lakini riwaya wala filamu ya Kiswahili inayoisimulia mimi sijakutana nayo.

Labda utaniambia, ndugu yangu, hayo ni ya Zambia na Uingereza, sisi watu wa Karagwe na Kyerwa yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Bati lilichimbwa Kyerwa tangu enzi za ukoloni, na wachimbaji wadogo wanalichimba hadi leo. Na kupuliza kwa mistari hatukufundishwa na mzungu. Speke alipofika kwa Rumanyika mwaka 1861 aliwakuta wapigaji wakipuliza ala za matete na kupiga ngoma za mkono huku wakitembea kwa mpangilio, naye akawafananisha na bendi za askari wa Kituruki. Makondere ya ikulu yalilia nchi hii kabla bendera ya kigeni haijapandishwa. Kwa hiyo mtu wa huku akisoma habari za beni asifikiri anasoma habari za watu walioazima pumzi. Pumzi ilikuwapo, kilichoazimwa ni kofia na vyeo.

Nalisema hili kwa sababu ya hadithi tunazoandika. Katika kikundi chetu hapa Kayanga nimesikiliza hadithi nyingi za machimbo, na mchimbaji wetu ana kazi tatu tu: anachimba, analewa, anafukiwa na udongo. Basi. Tunamwonea huruma sana, lakini hatumfahamu. Hana kikundi, hana cheo, hana wimbo, hana suruali moja nzuri aliyoiweka chini ya godoro ili ikae mkunjo. Tunadhani tunamtetea kwa kumwonyesha anateseka, kumbe tunamtazama kutoka barazani kama yule ofisa. Adam Shafi katika Kuli, mwaka 1979, alitupa mfanyakazi wa bandari ya Unguja anayeamka na kujua kwa nini anagoma. Hiyo ni hatua kubwa. Hatua inayofuata ni kuonyesha kwamba hata kabla ya mgomo watu hawa walikuwa wamekwisha kujipanga, kwa sababu ya mziki, kwa sababu ya maziko, kwa sababu ya kutaka kupendeza.

Ushauri wangu kwa wenzangu, kisomeni kitabu cha Ranger kwa ajili ya ramani, na Mitchell kwa ajili ya macho. Halafu muwafuate wazee waliofanya kazi ya bati, maana wanazidi kupungua na hakuna tume itakayokuja kuwahoji. Wengi wetu tukienda tunauliza mshahara ulikuwa shilingi ngapi na nani alifukiwa. Tuulize hayo, lakini tuulize na haya: Jumapili mlivaa nini? Nani alikuwa anapiga, na alikipata wapi kile alichokipiga? Nani alikuwa mkubwa wenu ambaye kampuni haikumjua?

Atakayerudi na majibu ya maswali hayo atakuwa ameandika nusu ya riwaya. Na kama atanitangulia mimi, nitainunua.